Thamani ya Pensheni ya Wafanyakazi wa Kongo katika Miaka Yake ya Mwanzo (1957-1967)

Dekreti ya tarehe 6 Juni 1956 ndiyo iliyoanzisha pensheni ya wafanyakazi katika Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi. Ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1957. Tangu hapo sehemu ya mshahara wa mchimbaji wa Kipushi au wa fundi wa Jadotville ilikatwa kabla hajaushika mkononi, mwajiri naye akatoa fungu lake, na mafungu hayo yote yakaingia katika mfuko mmoja uliokabidhiwa jukumu la kumlisha mtu huyo siku nguvu zitakapomwishia. Historia ya kazi katika Katanga imeandikwa sana kwa upande wa mishahara, posho, kambi na migomo. Pensheni imepitiwa kwa haraka, na sababu yake inaeleweka: mwanzoni wakatwaji walikuwa wengi na wapokeaji wachache, na jambo lisilo na wapokeaji halina mashahidi. Hata hivyo swali linastahili kuulizwa. Ahadi ile ilikuwa na thamani gani ilipokuwa ingali changa?

Majibu mawili yamezoeleka. La kwanza huiona pensheni kuwa kilele cha ustawi ambao ukoloni wa Kibelgiji ulijivunia, pamoja na hospitali, shule na nyumba za matofali. La pili huiona kuwa kamba nyingine ya kumfunga mfanyakazi kwa kampuni, maana mtu anayengoja malipo ya uzeeni haachi kazi ovyo. Kila moja lina ukweli ndani yake, lakini yote mawili yanajibu swali la nia ya mtoaji. Thamani ya ahadi ni jambo jingine. Mtu mwenye nia mbaya aweza kuahidi kitu chenye thamani kubwa, na mwenye nia njema aweza kuahidi upepo.

Kabla ya kupima, yafaa maneno yatenganishwe, kwa kuwa Kiswahili kina zaidi ya neno moja katika uwanja huu na mara nyingi huchanganywa. Akiba ni mali ya mtu mmoja: alichoweka ndicho atakachochukua, na akifa warithi wake wanaijua. Kiinua mgongo hutolewa mara moja tu, kazi ikiisha, na jina lenyewe linaeleza kwamba mgongo umekwisha kuinama. Matabishi, neno ambalo kila mtu wa Katanga analijua, ni hisani ya mkubwa kwa mdogo; hayadaiwi, hungojewa. Pensheni si mojawapo ya hayo. Hurudi kwa vipindi mpaka kifo, na ni ya pamoja: anayekufa mapema humwachia anayeishi sana, anayefanya kazi leo humlisha aliyefanya jana, wala hakuna awezaye kuonyesha katika mfuko ni franka ipi iliyo yake. Kwa hiyo haiwezi kupimwa kama akiba, kwa kuhesabu kilichowekwa. Wala haipimwi kama matabishi, kwa kuangalia uso wa mtoaji.

Ilichukua nusu karne kabla ya suala la mfanyakazi mzee kujitokeza. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na shaba ya kwanza iliyeyushwa Lubumbashi mwaka 1911. Wakati huo uzee haukuwa tatizo la kampuni kwa sababu mfanyakazi hakuachwa azeeke kazini. Bourse du Travail du Katanga, ofisi ya kuandikisha watu iliyoanzishwa mwaka 1910, ilimleta kijana kwa mkataba mfupi na kumrudisha kwao akiwa bado kijana, au mgonjwa, au hakurudi kabisa. Kijiji ndicho kilichokuwa pensheni yake. Maofisa walilisema hilo wazi na kuliona jambo la heri: mila itawatunza wazee. Hawakutaja kwamba kijiji kilichotarajiwa kuwatunza wazee hao kilikuwa kimenyang'anywa miaka ya nguvu zao.

Mambo yalibadilika kuanzia mwaka 1928 hivi, Union Minière ilipofuata siasa ya kuwaimarisha wafanyakazi mahali pamoja, kwa mikataba ya miaka 3, wake kambini, watoto shuleni. Hesabu ni rahisi. Kijana wa miaka 25 aliyeingia kambini mwaka 1928 alikuwa na miaka 50 mwaka 1953. Alikuwa amezaa watoto wasiojua kijiji cha baba yao ila kwa hadithi, waliozungumza Kiswahili cha kambini hata kama nyumbani palikuwa na Kiluba, Kibemba au Kirundi. Kumwambia mtu huyo arudi kwao kulikuwa ni kumwambia aende ugenini. Pensheni ya 1956 basi ni mtoto wa uamuzi wa 1928, ingawa kati yao ilipita miaka ya vita, mgomo wa Desemba 1941 ambapo wafanyakazi walipigwa risasi Élisabethville pamoja na kiongozi wao Léonard Mpoyi, na ruhusa ya vyama vya wafanyakazi Waafrika mwaka 1946. Sheria za hifadhi zilifuatana: ajali za kazi mwaka 1949, posho ya familia mwaka 1951, uzee mwaka 1956. Mwaka uleule wa 1956 Élisabethville ilifungua chuo kikuu chake. Mji ulikuwa unaanza kujifikiria kwa vizazi, si kwa mikataba.

Hapo ndipo mfuko ulipoanza kujaa, na hapo pia ndipo kipimo kilipoanza kupotosha.

Mfano wa kubuni utasaidia. Wafanyakazi 100 wanaanza kuchangia siku moja, wote wakiwa na miaka 30, na umri wa kupumzika ukiwa miaka 55. Kwa miaka 25 mfuko unapokea bila kutoa chochote kwa ajili ya uzee. Kila mwaka vitabu vinaonyesha ziada, na kila mwaka msimamizi anaweza kutoa taarifa ya kupendeza. Ziada hiyo ni deni lililovaa nguo za mali. Ikitumiwa kwa hesabu ya thamani ya pensheni, matokeo yatakuwa makubwa mno mwanzoni na ya kutisha mwishoni, hata kama hakuna mwizi hata mmoja. Katika Kongo ya miaka ya 1950, nchi yenye wafanyakazi wa mshahara zaidi ya milioni moja, wengi wao vijana, hali ilifanana na mfano huo. Wingi wa fedha katika mfuko mchanga wa aina hii unaeleza umri wa wachangiaji. Hauelezi utajiri wao.

Je, ilikuwapo njia nyingine ya kukadiria? Ilikuwapo, nayo ilikuwa imejulikana kwa zaidi ya karne mbili. Katika miaka ya 1740 wachungaji wawili wa Kanisa la Uskoti, Robert Wallace na Alexander Webster, wakisaidiwa na Colin Maclaurin, mwalimu wa hesabu wa Edinburgh, waliunda mfuko wa wajane wa wachungaji, ambao walimu wa vyuo vikuu pia waliingizwa. Hawakuanza na fedha; walianza na watu. Kutokana na daftari za kanisa na jedwali la vifo ambalo Edmond Halley alikuwa amelichapisha mwaka 1693, walikadiria kwamba kati ya wachungaji 930 walio hai, wastani wa 27 hufa kila mwaka, na 18 kati ya hao huacha wajane. Walipokwisha kujua hayo, waliweza kusema mapema mfuko utakuwa na kiasi gani miaka 20 baadaye. Makadirio yao ya mwaka 1765 yalisogea karibu sana na fedha halisi, kwa tofauti ya pauni moja tu kati ya pauni elfu 58 na zaidi. Kisa hicho hupendwa sana na wanahesabu, na wana haki. Kwa mwanahistoria, lililo muhimu zaidi ni sharti lake: kanisa lilimjua kila mchungaji kwa jina, siku ya kuzaliwa, mke na kaburi.

Sharti hilo ndilo lililokosekana Katanga. Katika vitambulisho vya wafanyakazi wengi mahali pa tarehe ya kuzaliwa paliandikwa maneno ya Kifaransa *né vers*, yaani amezaliwa karibu na mwaka fulani. Karani alimtazama mtu usoni, akakisia, akaandika. Kisio hilo la dakika moja likawa sheria ya maisha yote, kwa sababu haki ya pensheni huanza kwa umri. Aliyekisiwa kuwa kijana kwa miaka mitano alitozwa miaka mitano ya ziada ya kazi, ama alikufa ndani yake. Majina nayo hayakutulia. Mtu aliandikishwa kambini kwa jina la ubatizo, kijijini alijulikana kwa jina la babu, na kampuni ilimtambua kwa namba. Mwaka 1972 siasa ya uhalisi ya Mobutu ilifuta majina ya Kikristo, na daftari za 1957 zikabaki zimejaa akina Joseph na akina Pierre ambao kisheria hawakuwapo tena. Mzee aliyefika dirishani na karatasi mbili zenye majina mawili alipaswa kuthibitisha kwamba yeye ni yeye. Kila mwaka usiothibitishwa ulikuwa mwaka usiolipwa, na mfuko ulifaidika kwa kusahau.

Pamoja na hayo, jambo lililopunguza thamani ya ahadi ile kwa pigo moja lilitokea Brussels, mnamo Juni 1960.

Sheria ya kikoloni ilitofautisha *travailleurs*, wafanyakazi wa mkataba wa kazi, na *employés*, waajiriwa wa daraja la ofisi na uongozi, ambao karibu wote walikuwa Wazungu. Hao wa daraja la pili walikuwa na bima yao ya uzeeni tangu miaka ya 1940, katika mifuko ya peke yake. Uhuru ulipokaribia, swali liliulizwa Ubelgiji: nani atalipa pensheni za watu hao iwapo mambo yatavurugika? Jibu lilikuwa sheria ya tarehe 16 Juni 1960, siku 14 kabla ya uhuru, iliyoweka mifuko ya hifadhi ya waajiriwa wa Kongo na Ruanda-Urundi chini ya usimamizi na dhamana ya Dola la Ubelgiji. Kwa sheria ya tarehe 17 Julai 1963 kukaundwa ofisi maalumu ya hifadhi ya jamii ya ng'ambo, OSSOM, ambayo iliishi mpaka mwaka 2015 ilipounganishwa na taasisi nyingine. Dhamana hiyo haikuugusa mfuko wa *travailleurs*. Wao waliachwa pamoja na dola jipya, ambalo wakati huo halikuwa limezaliwa bado.

Mtu aweza kuitetea Ubelgiji kwa kusema kwamba nchi huru ilistahili kuchukua madeni ya raia wake yenyewe, na kwamba dhamana ya mkoloni juu ya wafanyakazi Wakongo ingeonekana kama ukoloni kwa mlango wa nyuma. Hoja hiyo si ya kipuuzi. Lakini kwa upande wa thamani matokeo hayana utata. Wanaume wawili walikuwa wamefanya kazi katika kiwanda kimoja cha Jadotville, wakakatwa mishahara yao mwezi mmoja, kwa sababu moja. Tarehe 15 Juni 1960 wote wawili walikuwa na ahadi ya mfuko. Tarehe 17 Juni mmoja alikuwa na ahadi ya mfuko, na mwingine alikuwa na ahadi ya mfuko pamoja na hazina ya ufalme wa Ulaya. Hakuna tofauti ya mshahara katika historia ya Katanga iliyoandikwa kwa usafi kama huo. Pia sheria hiyo yasema jambo ambalo taarifa za ziada hazikulisema: walioijua mifuko hiyo kwa ndani hawakuamini kwamba fedha zilizomo zinatosha kuwa usalama. Waliona kwamba usalama ni yule anayesimama nyuma ya mfuko.

Yaliyofuata yalithibitisha hofu hiyo kwa haraka. Tarehe 11 Julai 1960 Katanga ilijitenga. Tarehe 29 Juni 1961 serikali ya Léopoldville ilitoa dekreti-sheria ya hifadhi ya jamii, iliyounganisha ajali za kazi, posho ya familia na pensheni chini ya taasisi moja, Institut National de Sécurité Sociale, INSS. Siku hiyo Élisabethville ilikuwa na rais wake, askari wake na franka yake yenyewe, ambayo ilianza kutolewa mwaka huo wa 1961. Sheria muhimu kuliko zote za wafanyakazi wa Kongo ilitungwa basi wakati mkoa wenye wachimbaji wengi ulikuwa nje ya mkono wa mtungaji, na mpaka Januari 1963 mkoa huo haukurudi. Mgawanyiko mwingine ulikuwa wa kimya zaidi. Mfuko wa 1956 ulikuwa wa Kongo pamoja na Ruanda-Urundi, na watu wa Rwanda na Burundi walikuwa wamepelekwa kwenye migodi ya Katanga tangu miaka ya 1920. Mwaka 1962 kila moja ya nchi hizo mbili iliunda taasisi yake. Mzee mwenye miaka ya kazi Kolwezi na shamba Gitega alijikuta na maisha mamoja yaliyokatwa na mipaka miwili. Mkataba wa hifadhi ya jamii kati ya nchi tatu za Maziwa Makuu ulikuja mwaka 1978 tu.

Kwa haki, sheria ya 1961 yenyewe haikuwa kazi duni. Iliweka pamoja uzee, ulemavu na kifo, na kwa miaka mingi chini yake mfanyakazi alikatwa asilimia 3.5 ya mshahara kwa ajili ya pensheni na mwajiri akaongeza asilimia 3.5. Sehemu yake inayohusu waliofiwa inastahili kuangaliwa kwa makini kuliko ilivyozoeleka, kwa maana huenda hapo ndipo thamani ya kweli ya miaka ya mwanzo ilipojificha. Mfuko mchanga hauna wazee wengi, bali wajane wanao tangu mwaka wa kwanza. Mgodi hauui kwa kufuata umri.

Hali ya mjane wa mjini ilikuwa na utata wake. Dekreti ya tarehe 4 Aprili 1950 ilikuwa imepiga vita ndoa ya wake wengi, hivyo mke mmoja tu ndiye aliyeweza kuonekana mbele ya dirisha la ofisi. Wengine walikuwa wake wa mila, na kwa sheria walikuwa hewa. Kisha yalikuwapo madai ya ukoo. Katika jamii zinazofuata upande wa mama, kama Walamba na Wabemba, mali ya mume haikutarajiwa kumwendea mke wala hata watoto. Ilirudi kwa wapwa. Katika jamii zinazofuata upande wa baba, ndugu za marehemu walikuwa na neno lao. Kila mkazi wa Lubumbashi anajua yanayoweza kutokea matanga yakiisha: baiskeli imeondoka, cherehani imeondoka, kitanda kimeondoka. Pensheni ya mjane ni mali ya ajabu kwa sababu haibebeki kichwani. Ndugu wa mume waweza kuchukua kile kilichokwisha kulipwa; kile cha mwezi ujao kimeandikwa kwa jina la mwanamke, na kitalipwa kwake au hakitalipwa. Kwa mara ya kwanza mwanamke wa kambini aliyefiwa alikuwa na kitu ambacho hakikupitia mkononi mwa mume mwingine wala mwa ukoo. Kilikuwa kidogo. Hata hivyo kukipima kwa franka peke yake ni kukosea.

Franka zenyewe hazikukaa mahali pamoja. Wakati wa uhuru franka 50 za Kongo zilikuwa sawa na dola moja ya Marekani. Baada ya kushushwa thamani mwaka 1961 na tena mwaka 1963, ikaja sarafu mpya ya zaire, Juni 1967, kwa kiwango cha franka 1,000 kwa zaire moja, na zaire moja kwa dola 2. Maana yake ni franka 500 kwa dola. Tuseme pensheni ya franka 600 kwa mwezi, kiasi cha kubuni tu: mwaka 1960 ilikuwa dola 12, mwaka 1967, kama haikuguswa, iliitwa makuta 60 na ilikuwa dola 1 na senti 20. Tisa ya kumi zilikuwa zimeyeyuka katika miaka 7, bila mtu yeyote kuvunja sanduku. Mshahara wa aliye kazini unaweza kupiganiwa, kwa mgomo au kwa chama. Pensheni haina mgomo. Mzee akikataa kupokea, hakuna mtambo unaosimama. Haipandi yenyewe, hupandishwa na mtu mwenye saini, na mwenye saini yuko Kinshasa.

Basi pensheni ile ilikuwa na thamani gani? Kwa hesabu ya fedha, ndogo, na ndogo zaidi kuliko ilivyoonekana mwaka 1958. Kijana aliyeanza kuchangia mwaka 1957 angefanya vizuri zaidi, kwa manufaa yake peke yake, kama angenunua mabati au kusomesha mtoto. Jibu hilo ni sahihi lakini halitoshi. Kabla ya 1957 mzee aliyetaka kitu kwa kampuni alikwenda kuomba. Baada ya hapo alikwenda kudai, hata kama alirudi mikono mitupu. Kati ya matabishi na pensheni kuna umbali ambao sarafu haiupimi. Aliyeomba akanyimwa hurudi nyumbani na aibu, aliyedai akanyimwa hurudi na hoja, na hoja huweza kurithiwa. Si bahati tu kwamba mwaka 1965 chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani katika mji wa Élisabethville kilijiandikia historia ya mji huo kwa Kiswahili, kwa mkono wa André Yav, katika kitabu kidogo kilichoitwa *Vocabulaire de la ville d'Élisabethville*. Watu waliokwisha kutoka kazini walikuwa wameanza kusema kama kundi lenye kumbukumbu, si kama mizigo ya kijiji.

Hoja hiyo ilirithiwa kweli. Mwaka 2003, wakati Gécamines, mrithi wa Union Minière iliyotaifishwa Januari 1967, haikuweza tena kulipa mishahara, zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondolewa katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, kwa fedha za Benki ya Dunia. Walipewa jumla moja ya mwisho kwa dola: kiinua mgongo mahali pa ahadi ya kudumu. Ubishi uliofuata, uliodumu miaka mingi, haukuhusu hisani. Wafanyakazi walihoji hesabu: miaka mingapi, kwa mshahara upi, kwa kiwango gani cha dola. Walikuwa wanauliza swali lilelile la 1957, yaani thamani ya ahadi isiyotimia bado, na waliliuliza kwa lugha ya sheria ambayo baba zao walikuwa wameilipia kwa makato ya kila mwezi. INSS yenyewe ilibadilishwa kwa sheria ya tarehe 15 Julai 2016 na kuwa CNSS mwaka 2018. Watumishi wa serikali, wakiwamo walimu wa vyuo vikuu, waliundiwa mfuko wao, CNSSAP, mwaka 2015 tu, karibu miaka 60 baada ya mchimbaji wa Kipushi.

Yule kijana wa miaka 20 aliyekatwa franka zake za kwanza Januari 1957 alitimiza miaka 60 mwaka 1997. Katikati bei zilikuwa zimepanda kwa karibu asilimia 9,800 katika mwaka mmoja wa 1994. Mwaka 1993 zaire milioni 3 zilikuwa zimegeuzwa zaire mpya moja, na mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikageuzwa franka moja ya Kongo. Kwa kufuata mageuzi hayo yote, franka moja ya 1998 ilikuwa sawa na franka trilioni 300 za ile iliyokatwa kwenye mshahara wake wa kwanza. Michango yake ya ujana, kwa sarafu, haikufikia hata chembe ya senti. Kilichobaki ni miaka yake ya kazi iliyoandikwa katika daftari, kama jina lake lilikuwa bado linasomeka.